Betri Mbili na Mteremko

Alhamisi, Kiamunyi

Bado nina hasira. Fundi alitoa isoleta iliyotenganisha betri mbili za gari yetu ya kulala, ya mbele ya kuwasha injini na ya nyuma ya friji, akaziunganisha moja kwa moja na waya. "Mathe, wacha zisaidiane kama ndugu," akaniambia.

Zimesaidiana kweli! Jana tukilala Sachangwan, friji ya insulini ya Baba ilinyonya zote mbili. Asubuhi gari ikakataa kuwaka. Wauza viazi ndio walitusukuma.

Nimerudisha isoleta mwenyewe. Nimepima injini ikinguruma: betri ya mbele volti 14.2, ya friji 13.3. Hiyo ya friji inapata chaji kidogo mno, haitajaa, na kesho ni safari ya Kitale.

Baba ameuliza kama tutafika. Nimemwambia tutafika, halafu nikatoka nikaigeuza gari iangalie mteremko. Hata betri ya mbele siiamini tena; ikikataa kuwaka, tutaiwasha kwa kuteremka.