Kibuyu cha Mama Mkwe Nilichokiosha kwa Sabuni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaondoka hapa, maana mzigo wangu nimeshaufunga na kuufungua hata kamba imechoka. Mimi ni Loisi, nimeolewa karibu na Bahi, na mume wangu Filipo yuko kwenye kazi ya reli upande wa Tabora, nami nilikulia misheni nikifua nguo za mabibi wa kizungu, kwa hiyo sabuni na magadi nilidhani navijua kuliko mtu yeyote wa hapa. Mama mkwe alinikabidhi kibuyu cha maziwa alichorithi kwa mama yake, nikachungulia ndani nikaona cheusi tii, kinanuka moshi, nikasema lo, watu wanakunywa humu, nikachemsha maji, nikatia magadi na sabuni ya dukani stesheni, nikasugua kwa mchanga mpaka kikatakata, na moyo wangu ukafurahi. Kumbe! Maziwa ya kesho yake yalitoa povu, machungu, baba mkwe akatapika, na tangu hapo maziwa yote tunayotia humo yanaoza, na mama mkwe akasema mbele ya watu, "Huyu amekiua kibuyu cha mama yangu, kesho atamuua mwanangu." Sasa wazee wanamngoja Filipo arudi baada ya mavuno wanirudishe kwetu na kudai ng'ombe wao wa mahari, nami nampenda mume wangu, sili nikashiba, nasugua vyungu ambavyo ni safi tayari, garimoshi likilia nashtuka. Je, nimelogwa? Nikimbie, au nitafute kibuyu kingine nikibadilishe kimyakimya?

Loisi mwanangu, pole, na huo mzigo ufungue. Hakuna aliyekuloga, umejiloga mwenyewe kwa ujuaji. Kila uchafu una adui wake: jasho la shuka huondoka kwa sabuni, masizi ya chungu kwa mchanga na majivu. Ule weusi uliousugua ulikuwa moshi na mafuta ya maziwa ya miaka mingi, ndivyo vilivyoziba vitundu vya kibuyu na kuzuia maziwa yasioze. Magadi yamekula yale mafuta, na sabuni imeingia katika vile vitundu. Sahani ya mzungu haina vitundu, kibuyu kinavyo. Ulipoona kitu usichokijua, mdomo wa kuuliza ulikuwa wapi?

Kibuyu kingine usitafute. Yule mama amekishika tangu usichana wake, atakijua hata akifumba macho, na hapo utaitwa mwizi juu ya mchawi. Kijaze maji ya maziwa yaliyoganda, maana ukali wake huivunja sabuni, kilale usiku kucha, umwage, usuuze. Rudia mpaka maji ukiyatikisa yasitoe povu. Kikaushe kivulini, juani kitapasuka.

Kisha kifukizwe kwa makaa ya mti ambao watu wa huko hufukizia vibuyu. Mti gani? Mimi siujui, na hata ningeujua nisingekuambia. Mwendee mama mkwe, upige magoti, useme, "Mama, sabuni naijua, moshi siujui, nifundishe." Atanuna. Mwache anune, wewe usiondoke. Akikutuma kuni, nenda mbio. Maziwa ya kwanza onja wewe, yeye akitazama.

Na Filipo akishuka garimoshini, usimpokee na maziwa wewe. Mwachie mama yake ammiminie kutoka kibuyu hicho, wazee wakiona.