Kinanda Akiimba

Hapa nyumbani,
Meza ya cherehani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Hali yako huko ugenini? Lile goti limetulia, au bado linakutabiria mvua? Na kula unakula, au ni chai tu kutwa nzima kama ninavyokujua? Sisi huku wazima, isipokuwa mwanao alilazwa siku mbili. Tulia kwanza, ameshatoka. Sasa hivi yuko nyuma yangu anagombana na pasi.

Uliniuliza kama huyu mwanao Kinanda aende chuo huko mbali au abaki karibu nami. Jibu nilikuwa nalo, na bahasha ya barua nilishaifunga: haendi. Selimundu si mafua, kaka. Maumivu yakimpanda ugenini, nani atamsemea? Tangu marehemu wifi atutoke, mimi ndiye mdomo wake. Daktari akiuliza wapi panauma, najibu mimi.

Sasa yupo mhudumu wa afya wa mtaa wetu, tunamwita Bwana Maji, maana hodi haijaisha ameshauliza, "Maji umekunywa?" Huwapitia vijana wote wenye selimundu, anaangalia dawa zao na kuwakumbusha kliniki. Mwezi uliopita alinitoa nje ya chumba changu mwenyewe! Eti, "Mama, leo nataka kuongea na mgonjwa, si msemaji wake." Nikanuna, nikaenda kukaa kwenye ngazi na vifungo vyangu. Ndani nawasikia wanarudia kama watoto wa shule: ugonjwa wangu ni huu, panapouma ni hapa, dawa niliyomeza ni hii. Mara wanacheka. Nikazidi kununa.

Jumanne maumivu yakampanda. Kwa kuwa ametimiza miaka kumi na minane, sasa anatibiwa kwa watu wazima, na kule hatujuani na mtu. Unajua mwanao anavyopenda kuimba chini chini. Ndiyo maana tukamwita Kinanda. Watu hudhani ni furaha. Mimi najua tangu utoto wake kwamba maumivu yakizidi ndipo anapoimba. Alinikataza nisimwambie mtu, hataki kuonewa huruma. Basi nesi wa mapokezi akamwona anaimba, akamwonyesha benchi la mwisho. "Huyu mzima, asubiri."

Weee! Damu ilinichemka. Mdomo nimeshaufungua, Bwana Maji, aliyetusindikiza, akanitazama tu. Nikauma ncha ya mtandio. Kinanda akashika ukingo wa meza na kusema, "Dada, nina selimundu. Mgongo na mapaja vinaniuma tangu alfajiri, na dawa ya nyumbani haijasaidia. Naimba kwa sababu nikinyamaza nitapiga kelele."

Nesi akaacha kalamu. Akaleta mwenyewe kiti cha magurudumu, akamwita daktari, wakamtundikia dripu na kumpa dawa ya maumivu. Alimwomba radhi, nami nikamsamehe, ingawa kwa shingo upande. Kisha nikakaa kwenye lile benchi la mwisho nikalia mpaka mtandio ukalowa.

Bahasha nimeichana, kaka. Aende. Bwana Maji ameshazungumza na mhudumu mwenzake wa karibu na chuo, atakuwa anampitia. Roho inaniuma, sikufichi. Nyumba itapoa, na sindano zangu nani atanitungia uzi? Lakini aende.

Msalimie binamu yetu Kipara, mwambie suruali yake ipo tayari tangu mwaka juzi; kama kiuno kimeongezeka, shauri yake. Wasalimie na wenzako wa karakana. Mungu akulinde, akuzidishie afya na riziki.

Limebaki moja, na Kinanda mwenyewe ameniruhusu nikuambie. Ile siku ulipopiga simu akakuimbia wimbo mzima, ukaniambia umelala na furaha kwa kumsikia mwanao ana raha. Hakuwa na raha, kaka. Akikuimbia tena usimpigie makofi. Muulize panauma wapi. Sasa atakujibu.

Mdogo wako akupendaye, pamoja na mdomo wangu huu,
Fundi