Kuhusu Kichwa Chako na Mechi ya Jumamosi

Mjukuu wangu Wafula,

Kwa heshima na majonzi makubwa, natangaza kwamba kifungo cha chini cha sare yangu ya ulinzi kimeruka na kutokomea ndani ya basi la kampuni. Mshukiwa mkuu ni tumbo langu. Mengine hapa Doha ni salama. Mwambie nyanya yako dawa ya mgongo ilifika.

Unauliza kama ucheze Jumamosi ilhali kichwa bado kinakuuma tangu ugongwe, na kocha anasema mwanamume hazuiwi na kizunguzungu. Unaniuliza mimi kwa kuwa nilikuwa mchezaji na kocha wa kwanza wa futiboli ya Kimarekani pale Bungoma, hadi goti likanistaafisha.

Goti langu ni zima, mjukuu wangu; hiyo ilikuwa hadithi tu.

Tulikuwa wachezaji kumi na mmoja na helmeti tisa, alizotuachia mwalimu Mmarekani. Wawili walicheza kichwa wazi. Mmoja alikuwa Barasa, rafiki yangu. Aligongwa, akakaa chini.

"Tuna pointi ngapi?" akaniuliza.

Nikamjibu. Akauliza tena, na tena. Tukacheka.

"Inuka, bibi harusi," nikamwambia, "ama nikuletee leso ujifunge?"

Akainuka. Akagongwa mara ya pili. Hadi leo dada yake humlisha kwa kijiko.

Usicheze, Wafula.

Watu walisema ni ajali, nami nikawaacha waseme. Lakini niliyaona macho yake kabla sijamrudisha uwanjani. Nilijua hayuko sawa, na nilitaka kushinda.

Babu yako