Nyuma ya barua ya maji

Charline, usinipigie. Soma tu. Niko inje ya biro ya kartie, ofisi ya serikali ya mutaa wetu.

Unakumbuka ile barua ya kuomba warudishe maji ku robine ya Katoyi, bomba yetu sisi wote? Watu waliogopa kuandika majina, tukapatana kila mutu atie tu alama ya kidole. Vidole makumi ine, bila jina hata moja.

Leo nimeipeleka. Muzee wa biro akasoma polepole, akaniuliza: "Hizi vidole ni za nani?"

Halafu akageuza karatasi. Charline, AKAGEUZA karatasi!

Nilikosa karatasi, nikakata moja mu kaye ya shirika, daftari ya kikundi yetu ya sala, mule ninaandikaka wenye walikuja kusali. Sikuangalia nyuma yake. Majina, avenue, namba za simu, yote iko pale. Mwandiko yangu!

Akasema: "Kumbe mama, munajulikana." Akaifungia mu kabati na ufunguo. Nikamuambia hao walikuja kusali tu. Akajibu: "Tutawauliza wenyewe."

Wewe ulikataa hata kutia kidole, ukaniambia uko na watoto. Lakini siku ya ile karatasi, wewe ndiye ulitangulia wote kufika ku sala. Jina ya kwanza kule nyuma ni yako.