Lori la Rashidi Halibebi Mzigo

Kariakoo, Dar es Salaam

Assalamu alaykum, Baba Rashidi, na shikamoo juu yake. Nakuona hapo ulipo unaitikia huku unapapasa miwani. Itafute kwanza, nangoja.

Mguu vipi? Baridi hii ya asubuhi najua inausumbua, na najua ukiulizwa unasema hauumi. Zainabu akija kukukanda usimfukuze. Mikorosho imeanza kutoa maua? Na ule ukuta wa choo ulioinama, umeushika au bado unautazama tu? Huku sisi wazima. Nilikuja kulea uzazi wa mkweo siku arobaini, leo mwezi wa nane, na mjukuu wako sasa anakaa mwenyewe bila kuegemezwa. Paji la uso ni lako, na akinuna ni wewe mtupu.

Sasa kuna jambo nimelibeba tangu mfungo uishe. Kwenye simu nimeshindwa. Simu wewe unaisikiliza umesimama, na neno lisipokupendeza unakata, halafu unasema mtandao. Barua utaikalia. Naandika mwenyewe kwa darasa langu la nne, sikutaka mtu mwingine ashike kalamu. Palipopinda panyooshe.

Mwanao Rashidi ana lori.

Usiitupe karatasi. Soma mpaka mwisho, nakuomba kwa haki ya watoto tuliozaa.

Siku aliyoniambia alisema tu, "Mama, nimenunua gari." Nikafurahi, nikamtangazia na jirani wa chini, nikidhani ni kigari cha kumpeleka mtoto kliniki. Akanichukua mpaka yadi ya rafiki yake kule Vingunguti, akasema, "Lile pale." Natafuta kigari, sikioni. Naona lori, magurudumu kumi, kichwa cha buluu, bodi kubwa unaweza kuhamishia kijiji. Nikakaa juu ya tairi bovu. Maana sikuliona lile, niliona la kwako, lilivyolala ubavu bondeni, na marehemu Bakari, mwenzako mliyekuwa mkipokezana usukani, ambaye hakurudi.

Nikamwuliza, "Neno la baba yako unalijua?"

"Nalijua, mama." Basi. Akaendelea kufuta kioo.

Mimi na wewe tunakumbuka ulivyosema siku ya tatu ya msiba, uani kwa Bi Somoe, mjane wa Bakari, umeegemea fimbo, mbele yake na mbele ya watu wote: mwanangu mimi hatakula kwa usukani. Rashidi alikuwa na miaka tisa, ameshika kanzu yako.

Kazi yake unaijua, fundi simu pale Mchafukoge. Wiki nzima ameinama na lenzi jichoni, anashika skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Ikifika Jumapili anakwenda yadi, anavaa ovaroli, anatia grisi, anaosha, anawasha, anavuka daraja la Kigamboni mpaka kule nyumba zinakoisha, anageuza, anarudi. Tupu. Hata gunia la mkaa wa nyumbani halileti nalo, mkaa tunanunua kwa kopo kama watu wengine. Mkweo Mwajuma alishachoka kukasirika, sasa anacheka. Aliniambia, "Mama, wenzangu waume zao wana wanawake wa nje. Mimi mke mwenzangu ana magurudumu kumi, na ananukia dizeli."

Anacheka yeye. Mimi Jumapili chakula hakipiti mpaka nisikie hatua zake kwenye ngazi. Najifanya nafua, nguo ileile mara tatu.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita nilikuwa Mchikichini nakutafutia sweta la mtumba, nimepata zito la kijani. Akasema atanipitia. Akaegesha pembeni, akashuka kuja kunipokea mfuko, hatukukawia hata dakika kumi. Tunarudi, wapagazi wameshafungua mlango wa nyuma, marobota manne ya mitumba yako juu, la tano liko mgongoni mwa mtu.

"Jamani, mnafanya nini?" Rashidi anauliza.

"Bosi, si mzigo wa Tunduma huu! Tulikuwa tunakungoja wewe."

"Siyo lori lenu hili. Hili halibebi mzigo."

Wakatazamana. Mmoja mfupi, ana taulo kichwani, akasema, "Lori lisilobeba mzigo ni lori au sebule?"

"Sebule," mwenzake akadakia. "Muulize kama chai imeiva."

"Hamkuona namba ya njano? Hili la binafsi, siyo la biashara."

"La binafsi! Kaka analiendea msikitini!"

Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka nao, huku anawasaidia kushusha robota moja moja. Mara mwenye mzigo akafika, mama mtu mzima, jasho linamtoka. "Mwanangu, lori langu limekwama njiani na wateja wananingoja. Nisaidie. Bei sema mwenyewe."

Hapo na mimi tamaa ikaniingia, sikufichi. Nikamvuta shati. "Mbebee, mara moja tu. Nani atajua?"

Akamwambia yule mama, "Shangazi, nisamehe sana, siwezi." Akampigia simu mtu anayemjua mwenye lori la kazi, akasimama pale juani mpaka likafika, ndipo akarudi kwangu. Kabla ya kupanda akalizunguka lori na kipande cha chuma, anagonga matairi, moja, la pili, la tatu, kichwa amekilaza upande anasikiliza, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Baba Rashidi, nani alimfundisha? Wewe hukumfundisha.

Tukaondoka. Nilikuwa nimekasirika, nikamwambia, "Wewe una kiburi. Mtu ana shida, chombo unacho, unakataa."

Tulipokaribia daraja ndipo akasema, "Mama, baba alisema nisile kwa usukani. Sijala. Hata chungwa moja halijatoka kwenye lori hili likaingia kinywani mwangu. Siku nitakayopokea pesa ya mzigo nitakuwa nimemwaibisha baba mbele ya Bi Somoe."

"Sasa ulilinunua la nini?"

"Baba alipoacha kuendesha aliacha na kuzungumza. Zamani akirudi alikuwa anatusimulia njia nzima. Nikataka nijue alikuwa anaona nini kutoka huku juu."

Nikageuzia uso dirishani. Miaka yote ile ya kuwa mke wa dereva, mimi lori nililijua kwa kulipungia mkono. Sikuwahi kukaa kule juu. Kumbe unaona mbali hivyo! Unamwona mtu kabla hajakuona, na barabara inakuja yenyewe, na hakuna la kufanya ila kuwaza nyumbani. Na mimi nilikuwa nikidhani ukishapita njia panda unatusahau. Nisamehe kwa hilo, nimekudhania vibaya siku nyingi.

Anaendesha taratibu, wallahi, bajaji zinatupita. Nilishika kile chuma cha mlangoni kwenda na kurudi, kiganja kikaota alama, lakini tulirudi salama.

Anataka kuja nalo Idi ya kuchinja. Hajui kama nakuandikia. Kazi ya lori haombi. Anataka upande, mkae pamoja mpaka mtoni mrudi, na ukijisikia kuushika usukani uushike, usipojisikia ukae tu umsimulie. Mwajuma na mtoto watatangulia kwa basi, mimi nitakaa pembeni yake njia nzima na tasbihi yangu. Hofu ninayo, wewe unanijua. Ila nimejipima, hofu ya barabara siyo kubwa kama hii nyingine: wewe unalilinda neno lako, na yeye analilinda neno lako, na kati yenu hapapiti mtu.

Nisalimie wifi yangu Mwanahawa, mwambie kanga zake nimeshapata. Msalimie Zainabu binti yetu, asibebe ndoo nzito za maji na hali ile. Mwalimu wa madrasa pia, aendelee kutuombea. Bi Somoe usimsalimie kwa kupita. Nenda ukae kwake, umweleze mwenyewe. Yeye ndiye uliyemwapia, na lori haliwezi kupita mbele ya mlango wake kabla hajajua. Akisema hapana, basi ni hapana na mimi sitakuwa na kinyongo.

Na kama wewe mwenyewe moyo hautaki, usijilazimishe. Mwambie Zainabu anipigie aseme tu, baba anasema njooni wote kwa basi. Nitaelewa. Rashidi nitamwambia mimi ndiye niliyeogopa safari. Ataamini.

Ni mimi mkeo nikupendaye,
Mama Rashidi