Mume Wangu Ameapa Hatarudi kwa Daktari wa Ngozi

Kwako Shangazi Mbithe, pokea salamu zangu na za wote wa nyumbani. Nimekusoma kwa muda mrefu na sikudhani hata siku moja mkono wangu ungeshika kalamu kukuandikia, lakini nina jambo limenikaa hapa kooni, halipandi halishuki, na sina wa kumwambia, kwa sababu hapa kwetu ukimwambia mmoja umeliambia soko zima la Kariobangi.

Mimi ni mama wa makamo, Mwislamu, shule niliachia darasa la tano, kwa hiyo unisamehe maandishi. Majina nitakayotaja si yetu. Mume wangu tumwite Baba Saado. Alizaliwa na ngozi nyeupe, watu humwita zeruzeru na mimi neno hilo silipendi. Kazi yake ni kuunda masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni, na wewe unajua karakana zetu za huku, paa ni mbingu, na bati jipya likipigwa na jua linamrudishia mwanga wote usoni. Tangu anioe ngozi yake ni kazi yangu. Mimi ndiye ninayempaka mafuta, mimi ndiye niliyemshonea turubai la kujifunika juu, na kila Ijumaa kabla hajavaa kanzu humkalisha dirishani nikamtazama mgongo, shingo na masikio, na mtu akiniuliza alama gani iko wapi namwambia nimefumba macho.

Sasa mwaka huu akatoka kijidonda kando ya pua, karibu na jicho. Mimi nikasema ni cheche ya bati imemrukia, nikakiosha kwa maji ya chumvi, kikakauka, kikarudi, kikakauka, kikarudi. Basi dada yake akamchukua hadi hospitali kubwa, na huko wakampeleka kwa daktari wa ngozi, na daktari huyo, Shangazi, ni mwanamke. Tumwite Daktari Nangila. Si mzee. Alisomea Ulaya, anasema Kiswahili kizuri, na kilemba hana.

Siku hiyo ya kwanza alimvua shati, akamtazama mwili mzima kwa kioo cha kukuza, akaona doa jingine nyuma ya sikio. Nyuma ya sikio! Mimi niliyelala naye mto mmoja miaka yote sikuliona, yeye kaliona kabla chai haijapoa. Baba Saado alirudi nyumbani akisimulia kwa furaha kama mtu aliyefanyiwa kitu kizuri, "Yule mama ana macho, Mama Saado, wallahi ana macho," na mimi nilikuwa napakua wali, nikauacha mwiko ndani ya sufuria nikatoka nje.

Daktari akasema lile doa ni la kulinda tu, lakini kidonda cha kando ya pua ni kansa, ila ni ya ngozi, ikiwahiwa inakatwa ikaisha. Tukamwomba Mungu. Akaikata. Mimi nikajua yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza, kwa sababu hata hakushona, kamwacha na bandeji juu, nikauliza fundi gani huyo anayefumua nguo na kuiacha wazi, na kila Alhamisi lazima arudi. Namuuliza, "Kwani hajamaliza?" Ananijibu, "Anasema bado." "Bado nini?" "Bado, mama, bado." Na siku ya Alhamisi anaoga mara mbili, anapiga shati pasi, anatafuna karafuu. Kwangu mimi lini amepiga shati pasi?

Na habari ya kofia ndiyo imenimaliza. Miaka yote namwambia vaa kofia pana, ananicheka, "Unataka nifanane na uyoga?" Daktari kasema mara moja tu, jioni ile ile kaja na kofia pana, kaivaa mpaka mezani.

Nikaona niende nikajionee. Nikakaa kwenye benchi nje ya chumba, mlango haukufungwa vizuri, nikamwona yule mwanamke amemshika mume wangu kidevu, ameuinamia uso wake, uso kwa uso, Shangazi, katikati hapangepita hata unyoya wa kuku. Na yeye Baba Saado amefumba macho, ametulia kama mtoto. Niliondoka bila kuaga.

Halafu jirani yangu Nthoki akaniletea mengine. Mume wake Kisilu ni rafiki wa Baba Saado, wanapiga gumzo karakanani, na Nthoki alikuwa akiwapelekea uji akamsikia mume wangu kwa masikio yake akisema, "Daktari Nangila hajaridhika, katikati kuko sawa lakini anataka kando, na kando anaitaka yote." Nthoki akanishika bega, akasema, "Mama Saado, fungua macho. Wewe ndiwe katikati, uko sawa. Yule ndiye wa kando, na amesema anataka yote." Akacheka, lakini mimi sikucheka.

Jioni hiyo nilisema maneno ambayo sikujua ninayo kifuani. Nilimwambia achague, mimi au yule mwanamke wake wa kioo cha kukuza. Alinitazama kwa jicho lile moja lisilofunikwa na bandeji, akasema, "Unataka niape?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Wallahi sitamwona tena yule mwanamke." Akavaa ile kofia akatoka.

Shangazi, moyo wangu ulitulia siku mbili tu. Bandeji sasa namfunga mimi, na naona upande wa jichoni pana wekundu usiokauka. Jana nimemwambia kwa sauti ndogo, labda urudi mara moja tu, akanijibu, "Nimeapa kwa Mungu, si kwa Nthoki. Kiapo si nguo ya kuvua." Na mimi ninayesali na kufunga nitamshauri mtu avunje kiapo? Na nikisema kweli yote, kuna upande wangu unaofurahi kwamba hataenda, naogopa upande huo.

Hapa mtaani kuna dresa mstaafu, wale wa kufunga vidonda hospitalini, mwanamume, mtu wa heshima, anasema yeye anakata vitu hivyo kwa mkupuo mmoja na kuunguza kwa dawa, hakuna kurudi-rudi. Nimpeleke kwake? Au nimwache na kiapo chake na nimwachie Mungu? Nisaidie, jina langu usilitoe.

Mwenye Kuungua, Kariobangi

SHANGAZI MBITHE ANAJIBU

Mama Saado, barua yako nimeirusha mbele ya barua zote zilizokuwa zikingoja mezani, na nitakugombeza huku nikikimbia, kwa sababu hatuna muda.

Kwanza, hiyo kando. Hiyo kando, mama, si mwanamke. Ni ukingo wa kidonda cha mume wako! Sikutaka kubahatisha, nikamtafuta daktari mmoja wa ngozi, si wako, nikamsomea maneno ya Nthoki kama ulivyoyaandika. Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Akanieleza hivi: kansa ya aina hiyo haikai mahali pamoja kama jipu. Juu unaona kidonda kidogo, chini imetambaa upande mmoja kimyakimya. Kwa hiyo daktari anakata kidogo, anaitia alama ile nyama ajue upande upi ulielekea jicho na upi pua, anaituma maabara kwa wenye darubini, na wao wanatazama kingo zote. Wakisema katikati kumekwisha ila kando bado, anarudi kukata kando ile tu, nyembamba, asiguse isiyo na ugonjwa. Anafanya hivyo mpaka kingo zote ziwe safi. Ndiyo maana kila Alhamisi, na ndiyo maana hakushona. Angeshona angeifungia kansa ndani, na ninyi mngeshukuru kwa sababu kovu ni zuri.

Kwa hiyo mume wako alipomwambia Kisilu kwamba daktari anataka kando yote, alikuwa akisema kwamba ugonjwa bado uko, na uko upande wa jicho. Hapo ndipo wewe ulipomwapisha.

Ulitaka kujua kwa nini mwanamke yule aliona nyuma ya sikio ambapo wewe hukuona. Si kwamba anampenda kuliko wewe. Mtu huyo amesoma udaktari wote kama wenzake, kuzalisha, malaria, mifupa, kila kitu. Akatumika wodini chini ya wakubwa. Kisha akarudi darasani upya kwa sababu ya ngozi peke yake, akavuka bahari maana mafunzo hayo hapa kwetu ni haba, akatazama ngozi za watu mpaka jicho lake likajua tofauti ya alama ya kuzaliwa na alama ya kuua. Na bado hapo hajaruhusiwa kukata uso wa mtu. Anasimama tena miaka chini ya anayejua, ajifunze wapi mishipa inapita, kope inavyofumba, na jinsi ya kuziba shimo kando ya jicho ili jicho libaki linafungika. Wewe unamwonea wivu mwanamke aliyeinamia uso wa mume wako. Alikuwa akitafuta kitu cha ukubwa wa chembe ya uwele! Ungetaka asimame mbali?

Na shati la pasi. Mimi mwenyewe nikienda kwa daktari wa meno napiga mswaki kama ninayeolewa. Achana na shati.

Kofia ninakuelewa. Hiyo inauma, na hata mimi ingeniuma. Umesema jambo miaka mingi, mwingine akalisema mara moja likasikika. Lakini kichwa kilichoivaa kiko nyumbani kwako, kwa hiyo umeshinda, hata kama hakuna aliyekupongeza.

Yule dresa mstaafu mwenye mkupuo mmoja, mwamkie kwa heshima ukikutana naye njiani, basi. Kidonda cha kawaida cha mguuni angekifunga vizuri. Kidonda hiki akikiunguza juu, chini kitaendelea, na safari nyingine mtakuwa mnazungumza habari ya kuling'oa jicho, si habari ya bandeji. Sikutishi. Nimeambiwa hivyo na mtu anayeyaona.

Sasa kiapo. Mimi si Mwislamu, na mambo ya dini ya mtu sipendi kuyapapasa gizani, kwa hiyo nilikwenda kwa ustadhi mmoja huku kwetu Eastlands, nikamweleza bila kutaja mtu. Akaniambia: aliyeapa kuacha jambo, kisha akaona jambo hilo ndilo la heri, afanye la heri na alipe kafara ya kiapo chake. Maskini kumi walishwe, au wavishwe. Asiyeweza afunge siku tatu. Kuhusu mkono wa daktari mwanamke, akasema angekuwapo karibu mwanamume mwenye ujuzi ule ule ungekuwa na hoja, lakini kama hayuko, matibabu ni dharura na dharura ina nafasi yake. Akaongeza neno moja niliandike kama alivyolisema: "Mwambie huyo mama, Mungu hakuomba jicho la mume wake." Mwendeeni wenu wa msikitini mkitaka mthibitishe, lakini mwendeeni leo.

Kwa hiyo usimwambie Baba Saado "labda" kwa sauti ndogo. Sauti ndogo ndiyo iliyomfanya ang'ang'anie kiapo, kwa sababu anadhani bado unamjaribu. Mwambie wazi: nilikuapisha kwa wivu, nimekosa, twende. Kafara hiyo ipikie wewe kwa mikono yako, maana kiapo mlikila pamoja. Na usingoje Alhamisi, kwa sababu Alhamisi moja ilishapita barua yako ikiwa njiani. Jitokezeni siku yoyote, mkae, mseme mmekosa siku ya kliniki na upande wa jicho una wekundu. Watawagombeza kidogo, vumilieni.

Ukifika huko usibaki kwenye benchi. Ingia ndani naye. Mwulize daktari: mimi ndiye ninayemkagua kila Ijumaa, nifundishe nitafute nini na niitafute wapi. Akufundishe. Daktari atamwona mume wako siku chache tu za mwaka kidonda hiki kikipona. Siku nyingine zote, ngozi hiyo itatoa alama nyingine, kwa sababu jua halihami Kariobangi, na mwenye kuiona mapema hatakuwa Daktari Nangila.

Ule upande wako unaofurahi kwamba hataenda, umefanya vizuri kuuogopa. Usiupe kiti.

Kuhusu Nthoki sina ushauri. Mwalike tu siku ya kulisha maskini, aje akusaidie kuosha masufuria.

Sasa ni asubuhi na gazeti liko mkononi mwako, naye Baba Saado yuko karakanani anagonga bati. Liweke chini hili gazeti, mama. Vaa buibui uende ukamwite.