Kamba ya Kupimia Mlango wa Senge

Mtaa wa Reli,
Voi.
Tarehe 3 Machi, 2025

Mpendwa shangazi yangu, Senge Nabwile,

Pokea salamu kutoka huku kwenye jua na vumbi jekundu. Goti lako la kushoto laendeleaje? Na yule jogoo mkorofi bado anakukimbiza, ama mlishamla? Sisi sote wazima. Mimi ndiyo usiseme, nimekuwa mtanashati mpaka kioo kinaona haya.

Najua unashangaa, tangu lini Elijah akaandika barua? Ningepiga simu, lakini nilitaka uone mwandiko huu kwa macho yako. Umenitoa jasho siku tatu. Usicheke. Haya, cheka kidogo.

Senge, hapa chuoni, kwa kuchomelea vyuma hakuna anayenifikia. Wageni wakija kuona kazi, naitwa mimi. Adui yangu ni karatasi. Herufi zinarukaruka kama panzi na namba zinageuka. Mwaka jana nilitengeneza geti la kanisa kule Sagalla, nikasoma sentimita 69 mahali pa 96. Mama mchungaji, na ule mwili wake wa baraka, akakwama katikati. "Elijah, hili geti ni la mbuzi ama la Wakristo?"

Tangu siku hiyo napima kwa kamba ya katani. Nanyoosha, nafunga fundo, nakata chuma. Sijakosea tena.

Mwalimu wetu, Madam Rita, ndiye aliyeng'amua. Kazi ya mkono mimi wa kwanza, ya kuandika wa mwisho, na mtihani nimeanguka mara mbili. Akanipeleka kupimwa na wataalamu. Wakasema akili yangu haina kutu, ila kwa kusoma nahitaji kusaidiwa. Kwani kuna ubaya gani? Katuku wa darasa letu hasikii, ana mkalimani wa ishara, na kwa kuunga waya za stima anatufundisha sisi. Mimi mwezi wa saba nitasomewa maswali na kuongezewa muda. Nikianguka mara ya tatu, natoka hapa bila cheti.

Lakini kuna fomu ya mzazi ya kukubali nisaidiwe hivyo, na mimi umri wa kitambulisho bado sijafikia. Baba amekataa kutia sahihi. "Nyumba ya Oloo haina mlemavu," akasema, akairusha juu ya kabati. Inatakiwa chuoni kabla ya tarehe 28.

Sasa sikiza, na hili libaki kwetu. Fomu yenyewe hakuisoma. Alisema amesahau miwani kazini. Senge, baba hana miwani. Hajawahi kuwa nayo. Wewe dada yake ndiwe uliyemlea baada ya mama yenu kufariki, unajua kuliko mimi. Unajua pia mimi hucheka kila kitu. Hili sijalicheka.

Nakuomba umpigie Jumapili, akitoka kanisani. Ni wewe peke yako ambaye baba husimama akiongea naye, hata kwa simu. Mambo ya miwani usiyataje. Mwambie tu Madam Rita atakuja nyumbani anywe chai, amsomee fomu yote kwa sauti, vile nitakavyosomewa mimi. Akikataa bado, nitamwomba kila asubuhi mpaka hiyo tarehe 28. Chuo siachi, hata anifukuze na mwiko.

Nisalimie mumeo, Mzee Oluoch, na binamu yangu Ajiambo mwambie nimeshampita kwa urefu, asijisumbue kupima. Mungu akulinde, goti na yote, na akupe nguvu kumshinda huyo jogoo.

Ndani ya bahasha kuna kamba. Ule mlango wako wa mabati unaouzuia kwa jiwe umeniudhi tangu nikiwa mdogo. Nyoosha kamba kwa upana wake, ufunge fundo. Halafu anza tena mwanzo wa kamba, nyoosha kwa urefu, ufunge la pili. Nirudishie. Desemba nakuja na mlango wa chuma begani na cheti mfukoni.

Namba usiniandikie. Funga mafundo tu, na uyakaze.

Ni mimi uliyemdekeza mwenyewe,
Fundi Elijah Oloo